Andikeni jina la aliyeifua

Niliitambua bangili yangu kwa kovu. Ilikuwa ndani ya sanduku la kioo katika ukumbi mmoja wa maonyesho jijini Dar es Salaam, imelazwa juu ya kitambaa cheusi, taa ikiimulika kutoka juu. Nyundo yangu ya kusawazishia, niliyoachiwa na mwalimu wangu, wakati ule ilikuwa na pengo usoni karibu na ukingo, dogo kuliko punje ya mtama. Kila ilipotua upande huo iliacha juu ya fedha mstari mwembamba ulioinuka kama unywele. Kwenye bangili ile mistari ilikuwa saba. Naijua idadi kwa sababu niliihesabu siku ninaing'arisha, nikaamua kuiacha, maana kuiondoa kwa tupa kungeipunguza fedha unene. Pale mbele ya kioo niliona minne. Mitatu ilikuwa imelalia kitambaa.

Chini yake paliandikwa: bangili ya fedha, Tanga. Kisha likafuata jina, na halikuwa langu. Lilikuwa la tajiri aliyeinunua kwangu kwa mizani, gramu kwa gramu, akaongeza ujira kidogo juu yake. Yeye ndiye aliyejaza fomu, yeye ndiye aliyelipa ada ya kushiriki, na katika fomu hiyo, kama nilivyoambiwa baadaye, palikuwa na mstari mmoja tu: jina la msanii.

Sikugombana na mtu. Lakini nililia ndani ya basi mpaka Chalinze, na sioni haya kulisema.

Nieleze kidogo maonyesho haya yanavyokwenda, kwa sababu mafundi wenzangu wengi wa Ngamiani, hapa Tanga, hawajawahi kuyaingia, na wanaoyasikia wanayaona kama mambo ya watu wengine. Maonyesho ya mchujo si kama kukodi meza sabasaba ukapanga bidhaa zako. Waandaaji hutangaza mwito. Wewe unatuma picha za kazi, vipimo, aina ya madini na maelezo mafupi. Jopo la majaji, mara nyingi watatu au watano, hukaa na kuchagua. Mahali pengine huchagua mtu mmoja peke yake: Munich, Ujerumani, kuna maonyesho ya vito na mapambo yanayofanyika tangu mwaka 1959, na kila mwaka huteuliwa mtu mmoja wa kupitia maombi yote. Baada ya mchujo ndipo kazi yenyewe inasafirishwa, inawekwa kwenye kioo, inaandikiwa lebo, na pengine inaingia kwenye katalogi inayobaki miaka na miaka baada ya ukumbi kufungwa.

Kuna jambo moja ndani ya utaratibu huu ninalolipenda sana. Katika mengi ya maonyesho hayo majaji hawaonyeshwi jina. Wanapewa namba na picha. Kijana wa Barabara ya 12 anayefua kwenye kibanda cha mabati anakaa mezani sawa na mwenye karakana ya vioo mjini London, na hakuna anayejua nani ni nani. Jina linafichwa wakati wa kuamua, kisha linaandikwa wakati wa kuonyesha. Kwetu madukani tumeligeuza. Mteja anaingia kwa ajili ya jina la duka, analiamini, analilipia, na mtu aliyeketi uani na koleo mkononi hajulikani kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Ndugu mmoja aliniambia hivi ndivyo ilivyokuwa siku zote, tangu mababu. Ni kweli, na ndiyo sababu inaniuma. Tazama sarafu za shaba za Kilwa. Zile za Sultani Ali bin al-Hasan zina maandishi yenye vina, upande mmoja ukiitikia wa pili: jina lake huku, na huku kwamba anamtegemea Mola mwenye fadhila. Mtu fulani aliichonga chapa ile katika chuma, kinyumenyume, herufi ndogo zisizo na nafasi ya kukosea. Sultani tunamjua. Yule mchongaji hatumjui. Au chukua vikuku na bangili za bibi zetu. Nyingi zilifuliwa kwa riale za Maria Theresa, sarafu ambazo karibu zote zina mwaka 1780, hata zile zilizopigwa karne mbili baadaye. Riale moja ina uzito wa gramu 28, na fedha halisi ndani yake ni zaidi kidogo ya gramu 23. Sonara wa zamani alizipokea, akaziyeyusha, akarudisha pambo. Leo kazi kama hizo zimo kwenye makumbusho za nchi za mbali, zimeandikwa pwani ya Afrika Mashariki, zimeandikwa karne, na mahali pa jina pameachwa patupu. Jina la malkia wa Austria lilikuwa juu ya ile sarafu. La sonara wetu halikuwekwa popote.

Uingereza walilitazama suala hili mapema, ingawa nia yao haikuwa heshima. Mwaka 1300 mfalme wao aliagiza fedha isishuke chini ya kiwango kile tunachokiita leo 925, yaani sehemu 925 za fedha katika kila 1,000. Mwaka 1363 ikaja sheria kwamba kila fundi mkuu awe na chapa yake mwenyewe. Walitaka wajue wa kumshika akichanganya. Chapa za mwanzo zilikuwa alama tu, kwa sababu wengi hawakujua kusoma. Lakini matokeo yake ni kwamba leo mtu anaweza kushika kijiko cha miaka mia nne na kumfahamu aliyekitoa. Hata huko, hata hivyo, chapa hiyo siku hizi ni ya aliyeipeleka kazi kupimwa, na huyo anaweza kuwa kampuni isiyowahi kushika nyundo. Kwa hiyo tusidhani wenzetu wamemaliza. Tatizo la tajiri na fundi liko kila mahali panapofuliwa kitu.

Najua hoja ya tajiri, na nitaisema kwa haki kwa sababu nimefanya naye kazi miaka sita. Fedha aliinunua yeye. Kodi ya duka analipa yeye. Wazo la bangili, anasema, lilikuwa lake: alinionyesha picha kwenye simu akasema nataka kama hii lakini nene. Sawa. Aandikwe. Mwenye wazo ana haki yake, na mwenye mtaji ana yake. Sijaomba jina lake lifutwe. Ninachokataa ni kwamba haya mambo mawili yakikaa kwenye lebo, la tatu halina nafasi.

Maana la tatu ndilo hili. Fedha ukiigonga inakuwa ngumu. Inaanza kukataa nyundo, sauti inabadilika kutoka nzito kwenda kali, na ukiendelea kuilazimisha itapasuka ukingoni. Inabidi uirudishe motoni. Fedha tupu inayeyuka kwenye nyuzi 962 za Selsiasi, na hii ya 925, kwa ajili ya shaba iliyomo, huanza kulegea mapema zaidi, kwa hiyo nafasi ya kuikosea ni ndogo. Mwalimu wangu hana kipimajoto. Anafunga dirisha, anashusha pazia la mlangoni, karakana inakuwa giza la magharibi saa tano ya mchana, anapuliza makaa ya vifuu. Kimya. Anasubiri wekundu ule wa kwanza, hafifu, ambao juani usingeuona kabisa. Ukitokea tu, anatoa. Akichelewa kidogo, kazi ya siku tatu inakuwa tone. Kisha maji, kisha chungu cha ukwaju unaochemka kuondoa weusi, kisha nyundo tena. Bangili moja hupita hapo mara nane, mara kumi. Macho yale ya kuuona wekundu hayakuonyeshwa kwenye simu na tajiri yeyote.

Tena majaji wenyewe hawayaoni hayo, kwa kuwa mwanzoni wanaangalia picha. Hapa nina neno kwa mafundi. Fedha iliyong'arishwa ni kioo; ukiipiga picha barazani utapata mtaa mzima ndani yake. Picha yangu ya kwanza ilikuwa na mtandio wangu mwekundu katikati ya bangili. Nilichojifunza ni kutundika shuka nyeupe pande tatu, asubuhi ya saa nne, kwenye kivuli, nikaweka kazi juu ya karatasi ya kijivu na kuacha tundu dogo la simu. Picha ya pili ipigwe ikiwa imevaliwa, ili ukubwa ujulikane. Ni kazi ya nusu siku, na inaamua zaidi ya tunavyopenda.

Kwa waandaaji nina ombi: mchujo wa pili ufanyike kwa mikono. Wapo wanaofanya hivyo, wanachagua kwa picha kisha wanaita kazi zenyewe kabla ya uamuzi wa mwisho, na ndivyo inavyopaswa. Picha haina uzito. Haikwambii bawaba ya kikuku inafunga kwa mlio mmoja safi au inagugumia. Haikwambii upande wa ndani, unaogusa ngozi, umelainishwa au umeachwa na makali. Mwanamke wa Tanga akinunua kikuku jambo la kwanza anapitisha kidole ndani. Jaji naye apitishe.

Na kwenye fomu, ongezeni mstari. Mmoja tu. Nani ameifua.

Baada ya safari ile ya Dar niliirudisha nyundo kwenye jiwe nikaisugua mpaka pengo likaisha. Sikutaka tena kutambulika kwa kasoro. Nikachukua tupa kuukuu, nikaipasha moto na kuiacha ipoe polepole ndani ya majivu ili chuma kilainike, nikaikata kipande cha urefu wa kidole na kuchonga herufi zangu mbili kwenye ncha, kinyume. Nikakipasha tena hadi kikawa chekundu, nikakizamisha kwenye mafuta ya nazi, kisha nikakirudisha kwenye joto dogo mpaka kikapata rangi ya majani makavu. Chuma kikiachwa na ugumu wote huvunjika kwa pigo la kwanza.

Mwalimu alikitazama akakigeuzageuza. Akasema, "Mwanangu, mimi nimefua miaka hamsini bila hiki." Wiki iliyofuata alinikuta nafungua kibanda, akaniambia nimtengenezee chake. Hakutaka herufi za kizungu. Alitaka herufi ya Kiarabu mim, kichwa cha duara na mkia wake, kama alivyofundishwa kuandika chuoni akiwa mtoto. Niliiharibu mara mbili kwa kusahau kuigeuza.

Mwaka huu tumefua kikuku pamoja. Nakshi yote ni yake, amekilaza kwenye lami ya kukishikilia na kuitoa kwa patasi ndogo, ua baada ya ua. Kulehemu, bawaba na kufuli ni vyangu. Tulituma picha za kazi, kikuku kikapita mchujo. Kisha ukaja ujumbe wa adabu kutoka kwa waandaaji: tumeona mmejaza majina mawili, tafadhali chagueni moja, nafasi ya lebo ni ndogo.

Nimewajibu kwamba ndani ya kikuku kuna chapa mbili, kila moja ndogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti, na zote zimepata nafasi. Majina yote mawili, au kikuku kibaki Tanga. Kimefungwa kwenye kitambaa cha pamba ndani ya kabati, sanduku la safari liko tayari, na jibu lao halijafika.