Eti Sukari ni Mapambo

Juzi nimekaa saa nzima nikisikiliza mhadhara juu ya ukuta wa bakteria wa Gramu chanya, yaani wale wanaoshika rangi ya zambarau ya kipimo cha Gram. Protini zimechorwa kwa rangi zote za upinde wa mvua. Sukari za ukutani humo? Vidoti vya kijivu pembeni. Na mhadhiri, bila kupepesa macho, akasema: "Hizi ni mapambo tu." Nikasonya. Jirani yangu akadhani namsonya yeye.

Haya, tulitazame hilo pambo. Chukua ramnosi, mojawapo ya sukari hizo. Bakteria anaanza na glukosi, ile ile tunayoijua, kisha vimeng'enya vinne, protini zinazoendesha mabadiliko ya kikemia, vinaipokezana. RmlA kinaifunga kwenye nyukleotidi, molekuli inayokuwa kama mpini, ili ishikike. RmlB kinainyofoa maji, kaboni ya sita inabaki bila oksijeni. RmlC, kipenzi changu, kinapindua mkao wa kaboni ya tatu na ya tano, na sukari iliyokuwa ya umbo la D inageuka ya umbo la L, kama mkono wa kulia na wa kushoto. RmlD kinamalizia kwa kuipa hidrojeni kaboni ya nne. Kazi yote hiyo, jamani, kwa ajili ya urembo?

Mnyime bakteria wa kifua kikuu ramnosi uone. (Najua, rangi ya Gram haimshiki vizuri, lakini kiukoo ni wa huko huko.) Ramnosi ndiyo inayounga tabaka mbili za ukuta wake, peptidoglaikani na arabinogalaktani; ikikosekana, ukuta haujengeki na bakteria hakui. Nasi binadamu hatuitengenezi kabisa, kwa hiyo dawa ya kuvizuia vimeng'enya hivyo isingekuta vya kwetu vya kuvidhuru. Pambo gani hilo linalowindwa na watafuta dawa?

Mwanabiolojia wa bakteria Rebecca Lancefield alishawaainisha bakteria wa streptokokasi kwa kabohaidreti, yaani minyororo ya sukari, za ukutani mwao tangu 1933. Kundi A, lile la maumivu ya koo, uti wa mgongo wa kabohaidreti yake ni ramnosi. Na eritromaisini, dawa ya kuua vijasumu inayotoka kwa bakteria wa Gramu chanya, ukiivua sukari yake ya desosamini haiing'ang'anii ribosomu, kiwanda cha protini cha bakteria inachokilenga.

Sawa, shingo upande nakubali: sukari zinachosha kuzichunguza. Protini unaisoma kwenye jeni herufi kwa herufi; mnyororo wa sukari hauna kiolezo cha namna hiyo, unabahatisha kupitia vimeng'enya vinavyoujenga. Basi sema ni ngumu! Usiseme ni mapambo.

Nilinyoosha mkono. Wakasema muda wa maswali umekwisha.