Gesi ya Tanga: Waja Leo, Waondoka Leo

Saa kumi alfajiri, Sahare, hapa Tanga mjini, nimesimama juu ya kitanda na beseni la kufulia mkononi. Kiyoyozi kinadondosha maji tone tone juu ya mto wangu. Mke wangu kalala upande mkavu, anakoroma kwa haki kabisa, maana yeye alisema tangu mwanzo: fungueni madirisha.

Lakini yakhe, kaskazi ya mwezi wa pili waijua? Watoka kuoga, kabla hujashika taulo jasho limeshakuoga tena. Ndiyo nikanunua AC ya BTU 12,000, nikalala kama waziri. Uwaziri ukadumu mpaka Luku, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, ilipoanza kulia. Sisi tulikuwa watu wa chini ya uniti 75 kwa mwezi, wale wa bei ya huruma. Mashine hii kompresa ikinguruma mfululizo hula karibu uniti moja kwa saa. Hesabu piga wewe, mimi zimeshanitia kichefuchefu.

Baadaye baridi ikafifia. Nikaita fundi. Akaja na baiskeli yake, hata kifuniko hakufungua, akaweka kiganja kwenye upepo kama mganga atazamaye nyota. "Mzee, gesi imeisha." Akajaza, nikalipa. Miezi miwili: "Mzee, gesi imeisha." Nikalipa. Mara ya tatu nikamuuliza, mwanangu, hii gesi anaila nani? Akanijibu, "Ni matumizi tu, mzee."

Matumizi! Kama vile nakaangia mihogo!

Aliyenifumbua macho ni kijana wa jirani aliyesomea mambo ya mafriji. Kumbe gesi ile haiishi. Inazunguka humo humo kwenye mabomba, inabeba joto la chumbani inalitupa nje, inarudi kubeba jingine. Ikipungua, pana tundu. Tukaenda kwenye boksi la nje, ambalo mimi kwa akili zangu nililielekeza baharini ili lipunge upepo. Kijana akagusa vile vibati vyembamba vya alumini, vikamong'onyoka kama kashata. Chumvi ya bahari. Akapaka povu la sabuni kwenye kona ya bomba la shaba, mapovu yakaanza kucheka. Mara tatu nimenunua gesi ya Kitanga halisi, waja leo waondoka leo!

Akachomelea, akanyonya hewa yote mabombani kwanza, ndipo akajaza. Halafu akachomoa chujio la ndani. Jamani. Nilidhani blanketi. Vumbi, manyoya ya paka, na uzi wa kanga ya mke wangu. "Mzee, hili huoshwa kila wiki mbili, maji ya bomba tu, unalianika kivulini." Mwaka mzima sijaligusa. Boksi la nje nalo akasema niwe nalimwagia maji baridi kuondoa chumvi. Na bomba la kutolea maji nilizibue, limeshaanza utelezi. Nikamwambia kesho.

Hiyo kesho ilikuwa kabla ya Ramadhani.

Kisha akateremka shemeji yangu kutoka Lushoto. Mtu wa milimani, joto la hapa kwake ni msiba, akakamata rimoti akaiweka 16. Namwambia, shemeji, weka 25, chumba hakipoi haraka kwa sababu ya 16, kompresa ndiyo ile ile, itakesha tu. Ananitazama kama nambania chakula. Ikakesha kweli, maji nayo yakakesha, na njia ya kutokea imeziba. Ndiyo haya nakinga.

Beseni likajaa. Nikatoka nje na msuli wangu, nikachuchumaa ukutani, nikaweka mdomo kwenye lile bomba nikapuliza. Wapi! Nikaona basi, ninyonye. Nikanyonya kwa imani, kikaja kitu laini, nacho kina mkia.

Wakati ule ule wavuvi wawili wanapita kuelekea pwani, tochi usoni mwangu.

"Shikamoo mzee!"

Mdomo umejaa mjusi, marahaba itapita wapi? Wakasimama kidogo, wakatazamana, wakaenda zao kimya kimya. Samaki wa leo hawajavuliwa bado, lakini habari yangu naijua, itawatangulia kufika Deep Sea, kwenye soko la samaki.