Fundi alifukia chuma kwenye majivu, nikamwita mzembe

Huu ni mwaka wangu wa tisa Norwei. Nyumba tuliyonunua tuliikuta na jiko la kuni la chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, jeusi, la zamani kuliko mimi. Oktoba iliyopita likaanza kula kuni kwa fujo. Hata nikifunga matundu yote ya hewa, moto ulinguruma vilevile.

Jirani yetu, mzee wa miaka 78 ninayemwita babu, alikuja usiku, akazima taa za sebuleni, akaweka tochi inayowaka ndani ya jiko na kufunga mlango. Mwanga ukachomoza kwenye maungio ya kushoto, mstari mwembamba kama wembe. Hewa ilikuwa inapita hapo. Jiko la namna hii ni mabamba yaliyopangwa na kubanwa kwa nati, kisha maungio yakazibwa kwa saruji ya kustahimili moto. Chuma hutanuka likiwashwa na kusinyaa likizimwa, mwaka baada ya mwaka, mpaka saruji inapukutika.

Fundi niliyempigia alitaja kroner 9,000 kwa siku moja, vipuri mbali. Nilipomweleza babu, akauliza kwa nini nisitengeneze mwenyewe. Kwetu Njombe, Tanzania, sikuwahi kuulizwa swali hilo. Kitu kikiharibika kinapelekwa kwa fundi, unapatana bei, unarudi jioni kukichukua.

Basi nikapiga magoti mbele ya jiko karibu wiki tatu. Kamba ya kuzibia mlango sikuigusa kwanza, maana kamba za zamani huenda zina asbesto, na vumbi lake ni sumu ya mapafu. Niliilowesha, nikavaa barakoa, nikaitoa taratibu na kuifunga kwenye mifuko miwili. Nati mbili zilikuwa zimeshikwa na kutu. Moja nilipoilazimisha, bolti ikakatika. Nililia siku ile, nasema kweli.

Halafu nikakuta bamba la ndani lina ufa. Nikamwambia babu tutafute mtu wa kuchomelea, kazi ya nusu saa. Akakataa. Chuma cha kusubu, alisema, kina kaboni nyingi na ni kigumu lakini kinavunjika upesi. Ukikipasha moto sehemu moja tu, kitapasuka pembeni ya pale ulipochomelea. Lazima ukipashe chote kwanza, utumie vijiti vya nikeli, kisha ukiache kipoe polepole sana, kwa mfano kwa kukifukia kwenye majivu.

Aliposema majivu, nilinyamaza.

Miaka mingi iliyopita bodi la mashine ya kusaga ya mama lilipasuka. Nilitumwa mimi kulipeleka kwa fundi. Alilipasha juu ya mkaa mpaka likaiva, akalichomelea, akalifukia kwenye pipa la majivu na kuniambia nirudi kesho asubuhi. Wateja walikuwa wanasubiri na mahindi yao. Nilimwambia ni mzembe, anatafuta kisingizio cha kwenda kulala. Asubuhi nikamkata shilingi elfu tano kwenye bei tuliyokubaliana, na mama akanisifu kwa kujua kupatana. Ile mashine ilisaga miaka mingine mingi.

Ndiyo maana siwaungi mkono ndugu zangu wa huku wanaosema nyumbani mafundi ni wababaishaji. Wababaishaji wapo. Lakini ujuzi ambao babu aliusoma kwenye vitabu, yule mzee wa Njombe alikuwa nao mikononi, na sisi tulimlipa kama mtu aliyebeba mzigo. Tunamdharau fundi kwa sababu hatujawahi kushika spana yake.

Walipotuzidi wenzetu ni mahali pengine. Nyuma ya bamba langu kulikuwa na namba iliyosubiwa pamoja na chuma. Niliagiza kwa namba hiyo, na wiki iliyofuata bamba jipya likafika na kuingia bila kusuguliwa tupa. Nyumbani fundi anapima kwa jicho na kukata chuma cha pipa, kwa sababu aliyetengeneza hakuacha namba wala kalibu. SIDO, shirika la serikali la kuendeleza viwanda vidogo Tanzania, ipo tangu 1973. Natamani sana ilisimamie jambo hili.

Na kuna ukaguzi. Kabla sijawasha, mfagia dohani wa kikosi cha zimamoto alikuja kuangalia. Sheria ya hapa inataka majiko mapya yawe ya kuunguza hata moshi, tangu 1998, na mji wa Bergen umepiga marufuku yale ya zamani tangu 2021. Sioni ubaya, moshi ni moshi. Njombe, Julai baridi inapouma, watu bado wanalala na jiko la mkaa chumbani milango imefungwa, na wengine hawaamki. Hilo linaniuma kuliko yote.

Moto wa kwanza niliuwasha mdogo, vijiti tu, ili saruji ikauke bila kupasuka. Karatasi niliyoibana mlangoni haikuvutika, maana yake mlango umeziba vizuri.

Wiki iliyopita mama alinipa namba ya simu ya yule fundi. Nikamwomba radhi, nikamtumia deni lake na nyongeza. Alikumbuka bodi, mimi hakunikumbuka. Alipokea kwa heshima, kisha akaniuliza kuhusu ile namba ya nyuma ya bamba: imeandikwaje, imekaa upande gani. Anataka picha.