Rada ikiona dhoruba, rubani ataambiwa saa ngapi?

Nakaa Changamwe, Mombasa, ndege zapita juu ya mapaa yetu zikishuka uwanja wa Moi, na kila masika ikianza watu barazani wanabishana yaleyale: huyu asema rada ya hali ya hewa karibu na eapoti ndio dawa, yule asema ni pesa bure, kwani ndege si ina rada yake puani? Wote wana hoja, ila kuna jambo wanalisahau.

Kwanza hatari yenyewe, maana wengi hudhani ni radi na radi ndege nyingi huistahimili. Kinachoua ni ule upepo unaoporomoka kutoka kwa wingu la ngurumo mpaka chini, ukigonga ardhi unatawanyika pande zote kama ndoo ya maji iliyomwagwa sakafuni. Eneo lake halizidi kilomita 4 na dakika chache tu umekwisha. Sasa ndege inayoshuka ikiingia humo inapata kwanza upepo wa omo, kama wasemavyo mabaharia wetu, yaani wa kuijia usoni, inanyanyuka, rubani anapunguza nguvu ya injini, sekunde chache mbele upepo umegeuka wa tezi, waisukuma ndege mgongoni, mbawa zinakosa nguvu na chini hakuna nafasi ya kujiokoa. Ndivyo ilivyoanguka ndege ya Delta 191 kule Dallas, Marekani, tarehe 2 Agosti 1985, wakafa watu 137.

Rada ya Doppler iliwekwa kwa ajili hiyo. Mawimbi yake yanagonga matone ya mvua na kurudi, na kwa vile mwangwi wa tone linalokuja haufanani na wa tone linalokwenda, mashine inajua upepo umetawanyika wapi. Marekani wakaziweka kwa viwanja zaidi ya 40. Uwanja wa Charlotte ulikuwa kwenye orodha lakini rada yake ikachelewa, Julai 1994 ndege ya USAir ikaangushwa na upepo wa aina hiyohiyo, watu 37 wakafa. Anayeniambia rada ni ghali namwonyesha hapo.

Lakini wanaopinga hawasemi uongo. Rada yaona matone, upepo wenyewe haiuoni, kwa hivyo ule usio na mvua waweza kuiponyoka, tena mvua nzito kama hizi zetu za pwani yanyonya mawimbi mafupi, wingu lililojificha nyuma ya jengine likaonekana dogo kuliko lilivyo. Ndio maana vipima upepo vinavyozungushiwa uwanja bado vyatakikana, na bei yake ni nafuu. Ile rada ya puani sawa, yasaidia sana, ila yamwonya rubani mmoja ambaye tayari ashaanza kushuka, wakati ya chini yaweza kuwazuia wote walioko nyuma yake.

Jambo wanalolisahau ni hili. Jioni ile ya Dallas mtaalamu wa hali ya hewa wa kituo cha kuongoza ndege alikuwa ametoka kwenda kula, dhoruba ikavimba yeye hayuko kwa kiti, na hakuna wa kumshikia zamu. Mimi niko upande wa rada wallahi, lakini bajeti yake ikija bila mishahara ya watu wa zamu usiku na mchana, na bila simu ya moja kwa moja mpaka kwenye mnara, mimi nitachagua vile vipima upepo vya bei nafuu na mtu mmoja aliyekaa mbele yake hajainuka.