Mimi Ndiye Mnara wa Nyumba Hii

Leo siku ya nne sijatia mguu shambani kwangu Nanguruwe. Mikorosho inaliwa na ugonjwa wa ubwiriunga, mifuko ya salfa, dawa yake, imejaa ukumbini inanuka kama kiwanda cha viberiti, mashine ya kupulizia nimeazima kwa shemeji yangu ambaye hata chumvi haazimi bila kukukumbusha. Na mimi niko hapa Chikongola, Mtwara mjini, nimekaa juu ya pipa la maji karibu na dirisha, simu nimeiinua usawa wa sikio, lakini siongei na mtu. Mgeni akija akauliza baba yuko wapi, wanangu wanamjibu bila kucheka: "Yupo, anashika mtandao."

Binti yangu anaomba mkopo wa chuo. Maombi yote ni mtandaoni, laptopu tumeazima, bando lipo kwenye simu yangu, na fojii, yaani mtandao wa 4G, ndani ya nyumba hii inapatikana sehemu moja tu: juu ya pipa. Basi nikawasha hotspoti, nikajiona baba wa kisasa. Dakika tano nyingi. Ikakata.

"Baba, umesogea?"

"Nimejikuna."

"Usijikune, cheti cha kuzaliwa kinapanda."

Kikapanda mpaka asilimia 80, kikazunguka, kikafa. Tukaanza upya. Saa nne nikabanwa na haja. Nikashuka taratibu, mguu mmoja mmoja, kama mwizi wa kuku. Sijafika hata uani: "Baba, unakwenda wapi na intaneti?" Nikasema chooni. Akasema subiri, imefika 60. Jamani, mimi nimemzaa huyu, nimemlipia ada mpaka kidato cha sita, leo naomba ruhusa ya kwenda haja na ninanyimwa!

Sasa ukiwa na tatizo la simu uswahilini, kila apitaye ni injinia. Kijana anayeuza vocha pale kona akasema weka modi ya ndege, hesabu mpaka kumi, toa. Tuliweka. Ilipona kwa muda wa kunywa chai. Mama mwenye nyumba akasema simu imepata moto, na hapo hakukosea. Simu inavuta mtandao kutoka mnarani, inaugawa, huku inachajiwa, na juu yake nimeivalisha jalada nene la plastiki kama sweta. Ikichemka inapunguza kasi yenyewe. Tatizo ni dawa yake: akaichukua akaiegemeza kwenye mtungi, eti mtungi unapoza maji, utashindwaje na simu? Mtungi ukatoa jasho, simu ikaandika kwamba kuna unyevu kwenye tundu la chaji, ikagoma kuchaji mpaka adhuhuri.

Aliyetusaidia kweli ni mpwa wangu, anayetengeneza simu sokoni. Alifungua mipangilio akaanza kucheka peke yake, nami sipendi fundi anayecheka. Kumbe hotspoti ilikuwa kwenye masafa ya gigahezi 5. Hiyo, anasema, ina mbio lakini haipendi kuta, na mimi nipo dirishani, binti yuko chumba cha tatu. Akaishusha kwenye 2.4, mwendo wake wa bajaji lakini inapenya. Tena simu ilikuwa na tabia ya kujizimia hotspoti ikikaa dakika kadhaa bila kuona mtu. Binti akienda kuchota maji, laptopu inasinzia, simu nayo inasema wateja hawapo, nafunga duka. Akaiondoa hiyo. Akazima na kile kiokoa chaji nilichokiwasha mwenyewe kwa ubahili wangu.

Halafu akanionyesha orodha ya waliounganishwa. Nilitegemea kuona laptopu moja. Wamo watano! Mmoja ni televisheni. Mimi sina televisheni ya aina hiyo, ila jana usiku nilisikia tamthilia upande wa pili wa ukuta, nikasema moyoni majirani zangu wana maisha. Kumbe maisha yao ni bando langu. Nywila ilikuwa korosho123 na mke wangu aliitoa kwa nia njema, sadaka ya jirani. Tukaibadilisha. Tangu hapo jirani ananisalimia nusu, anasema "shikamoo" halafu marahaba yangu haisubiri.

Na laptopu yenyewe si maskini wa Mungu. Ilikuwa inajishushia masasisho ya Windows kimyakimya, hadi mpwa alipoiambia kwamba mtandao huu ni wa kupimwa, si wa bure.

Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika na nchi ikakaa inatazama kiduara kinazunguka, mimi nililala usingizi mnono. Siku ile hakuna aliyeniuliza kama nimesogea.

Bado kulikuwa na shemeji. Simu yangu ni ya zamani kidogo. Ukiipigia inashuka kutoka fojii ili ipokee, na intaneti inasimama hapo hapo. Yeye anapiga mara tatu kwa siku: "Shemeji, mashine yangu vipi, umemaliza?" Sijaanza, shemeji, na kila ukinipigia tunarudi kwenye cheti cha kuzaliwa.

Jana jioni mpwa akaleta waya wa USB, akaunganisha simu na laptopu moja kwa moja. Hakuna kukata, simu inakula chaji huko huko, na laptopu nzima ikahamia juu ya pipa. Nikawa raia huru. Leo alfajiri, upepo haujaamka, ndio wakati wenyewe wa salfa, nimevaa buti, nimebeba mashine mgongoni, simu nimeiacha nyumbani na binti amebakiza ukurasa wa mwisho. Nimefika getini nikasikia ndani simu inaita. Saa hizi anayepiga ni mmoja tu.

"Babaaaa!"