Kama masomo ni ya kwanza, zamu ya likelemba (upatu) iwe Agosti

Hapa Lubumbashi, Katuba au Ruashi, uliza nyumba yoyote jambo la kwanza ni nini: masomo ya watoto. Fungua daftari la matumizi, kama lipo, utakuta kilio, sikukuu na nguo vimetangulia. Si uongo. Wanachokithamini hakina tarehe wala kiasi, basi kinangoja masalio.

Mtego uko kwenye kalenda yetu ya Lubumbashi. Septemba shule inafunguliwa. Novemba mvua imeingia, mwenye shamba anataka mbegu ya mahindi na mbolea. Desemba sikukuu. Mavuno mpaka Aprili au Mei. Anayeanza kutafuta minervali, yaani ada ya shule, mwisho wa Agosti anakula mbolea ya Novemba bila kujua.

Tuseme watoto wawili wanaombwa dola 360 kwa mwaka, awamu 3 za 120. Gawa kwa 12, unapata 30 kila mwezi, hesabu tamu kwenye karatasi. Lakini ukianza Juni, Septemba inakukuta na 90. Anza Mei, gunia la mavuno likiwa bado nyumbani. Na kama shule inadai dola, weka dola. Faranga ikishuka, pengo linarudi.

Likelemba inafaa, ila zamu ndiyo kila kitu. Watu 10 wakitoa 30, anayepokea anashika 300. Ukizipokea Februari hazitaiona Septemba: zitageuka simu, viti, mkopo wa shemeji. Omba Agosti siku ileile ya kupanga zamu. Wa kwanza kupokea awe mtu ambaye akishakula bado atatoa. Likelemba nyingi zinafia hapo.

Kuhusu kilio, kuna wanaoshauri kukata kabisa. Mimi sikubali: nyumba isiyokwenda kwa wengine italia peke yake. Ipe dola 5 kwa mwezi na kopo lake. Zikiisha, mnakwenda na mikono: kuchota maji, kusonga bukari (ugali), kulala na wafiwa. Kinachoharibu ni kuchota kwenye kopo la shule kwa neno "nitarudisha".

Na haya yote yapangwe na baba na mama pamoja, daftari katikati, mtoto wa miaka 12 akisikia. Baba akiyaandika peke yake, mama ana hesabu nyingine sokoni, na hiyo ndiyo itakayofuatwa.