Ziwa Limekuwa Uji

Jiwe la Bismarck, lile la Mwanza pale Ziwa Victoria, lina bahati yake, jamani. Kwenye video linatoka safi hadi nyufa zinahesabika. Maji yanayolizunguka sasa: uji wa mtama wenye mabonge. Na anayesemwa ni mpiga video! "Kamera yake ya mchina."

Kamera haina kosa, ng'wanawane. Mtandao ukibana video, yaani ukiipunguza uzito, haubebi kila picha nzima. Unabeba moja kamili, zinazofuata unaandika kilichosogea tu. Jiwe halijasogea tangu Wajerumani walipolipa jina la kansela wao, kwa hiyo halili data. Wimbi je? Sekunde moja ina picha 30, na kila picha ziwa lina sura nyingine. Mgao wa data hautoshi, basi maji yanakatwa miraba miraba kama kashata.

Na harusi za huku zinavyopenda kusogea! Bibi harusi atashuka kwenye kivuko cha Kamanga, mawimbi nyuma yake. Atamwagiwa karatasi za kumetameta. Ukumbini MC atawasha mashine ya moshi na kuzima taa. Gizani kamera inatoa chenga, vile vidoti vidoti, chenga zinabadilika kila picha, data yote inaishia kwenye chenga na uso wa bibi harusi unabaki kama umepakwa samli. Hapo bado mjomba hajarekodi kwa mkono unaotetemeka. Mkono ukitetemeka, hata Jiwe la Bismarck linasogea! Stendi ya miguu mitatu jamani, au egemea ukuta.

Kuforwadi hakuiharibu video, mnaionea bure. Kinachoiharibu ni kuipakua, kuikata, kuibandika wimbo, kuiposti, mwingine akairekodi kwenye skrini na kuiposti tena. Kila mzunguko inabanwa upya, na iliyokwisha kubanwa ndiyo inayobanwa. Ya Kirumba asubuhi, ikifika Sengerema jioni bwana harusi hajulikani ni yupi.

Kwa Instagram usipeleke 4K, ile video yenye nukta nyingi mno, kwa majivuno, wataipunguza wenyewe wanavyojua. Toa ya nukta 1080 kwa 1920, fremu (yaani picha) 30 kwa sekunde, kisha kwenye mipangilio washa kupakia kwa ubora wa juu. YouTube wanashauri data ya megabiti 8 kwa sekunde kwa 1080 ya fremu 30. Ukitoa kwa megabiti 2 ili faili liwe jepesi, usije kulaumu mtandao.

WhatsApp ndiyo rahisi kuliko zote. Bonyeza kile kibanio, usichague picha na video, chagua dokumenti. Faili linakwenda lilivyo, hadi GB 2, halibanwi hata kidogo. Mtumie shangazi hivyo, video ya ziwa inayoonyesha hadi magamba ya sato. Dakika tano haziishi anakujibu: "Mwanangu, hii imenimalizia bando. Nitumie ile ya kawaida."